Breki Mpya, Kelele Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaobadilisha Breki Nyumbani Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa yule aliyekwisha kufunga breki mpya uani kwake, akashusha jeki, akatoka barabarani, na sasa gari inatetemeka au inalia. Mifano mingi ni ya gari ndogo za Kijapani kwa sababu ndizo tunazoziendesha visiwani: Vitz, IST, Raum, Noah, Suzuki Carry na jamaa zake. Maelezo mengi yanafaa hata kwa gari nyengine.

Nimebadilisha pedi na diski za mbele. Nikishika breki gari inatetemeka. Nianzie wapi?

Usianze na spana. Anza kwa kuuliza mtetemo unakufikia wapi na wakati gani. Ukiusikia mikononi, usukani ukicheza kulia na kushoto, shida iko mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti na sakafuni huku usukani umetulia, shida mara nyingi iko nyuma. Ukiusikia mguuni, pedali ikipanda na kushuka kwa mpigo unaokwenda na mwendo wa tairi, basi kuna diski isiyozunguka sawasawa, au yenye unene usiolingana, au drami (ile breki ya nyuma iliyo kama ngoma, yenye viatu vya breki ndani) iliyopoteza uduara.

Halafu uliza: mtetemo upo ninapokanyaga tu, au upo hata nisipokanyaga? Swali hili ndilo linaloamua kazi yote itakayofuata. Unaokuja na kuondoka na mguu wako ni wa breki. Ule uliopo muda wote, na unaozidi ukifika kilomita 70 au 80 kwa saa, ni wa tairi, rimu, nati au beringi, na unaweza kubadilisha pedi mara tatu bila ya kuuondoa.

Kama breki za nyuma ni za drami, kuna jaribio jengine. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na mtu nyuma yako, uende kilomita kama 40 kwa saa, kisha vuta hendibreki pole pole huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia papo hapo. Mtetemo ukija, drami za nyuma zina jambo. Usijifanyie jaribio hili barabara ikiwa na maji au mchanga. Gari zenye diski nyuma nyingi hutumia drami ndogo iliyo ndani ya diski kwa ajili ya hendibreki, kwa hiyo kwao jaribio halisemi lolote kuhusu diski.

Diski ni mpya, imetoka kwenye boksi. Inawezekanaje iwe imepinda?

Mara nyingi diski ni nzima. Kilichopinda ni mkao wake, na hapa kwetu chanzo kikubwa ni kutu kwenye habu, kile kitovu ambacho diski na rimu hufungwa juu yake.

Tunaishi na chumvi. Gari inayolala Nungwi, Jambiani au Kizimkazi inapumua hewa ya bahari usiku kucha, na hata ya mjini haiko mbali na maji. Ukiondoa diski ya zamani, uso wa habu unakuwa na magamba ya kutu, khasa kuzunguka mguu wa kila stadi (bolti inayoshika nati ya gurudumu) na kwenye kile kidomo cha katikati. Ukiibandika diski mpya juu ya magamba hayo, inakaa upande. Na kwa kuwa chembe imekaa karibu na katikati, upotofu wake unakuwa mkubwa zaidi ukifika ukingoni, pale pedi inaposhika. Watengenezaji wengi hawaruhusu diski iyumbe zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1 inapozunguka. Karatasi ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo hata gamba jembamba kuliko karatasi linatosha kukuharibia kazi.

Kwa hiyo kabla ya kurudi dukani kugombana na muuzaji, toa diski. Ikiwa imeshika, usiipige nyundo kwa hasira, maana mapigo hayo yanafika kwenye beringi. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi za bolti ya milimita 8. Tia bolti mbili, kaza moja kidogo na nyengine kidogo kwa zamu, na diski itajisukuma yenyewe nje. Sugua habu kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka uone chuma. Zunguka kila stadi, hapo ndipo watu wengi wanapopita haraka. Pitisha kidole: ukisikia ukwaru, bado. Sugua na mgongo wa diski pia. Futa kwa kitambaa kikavu. Ukipenda kupaka grisi ya kuzuia kutu, iwe ya kuonekana kwa shida tu, na isifike kabisa kwenye nyuzi za stadi wala kwenye uso unaoshikwa na pedi.

Tena diski mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshe kwa dawa ya kusafishia breki. Huna? Maji ya moto na sabuni, kisha ukaushe vizuri. Petroli naikataza: inaweza kuacha utando na ni hatari ya moto.

Nitajuaje kama diski inayumba nikiwa sina geji ya kupimia?

Ibane diski kwa nati zote, ukiweka washa chini ya nati kama bila ya rimu hazikai vizuri. Funga kipande cha waya mgumu kwenye shokamzoba, ncha yake ikaribie uso wa diski bila ya kuugusa. Weka gia huru, zungusha diski kwa mkono, tizama nafasi iliyopo kati ya ncha na chuma. Nafasi ikiongezeka na kupungua kwa kuonekana, diski inayumba sana. Njia hii haikamati upotofu mdogo. Kwa huo tafuta fundi mwenye geji ya saa.

Ukiona inayumba na habu ni safi, itoe, izungushe stadi moja mbele, uifunge tena na upime. Fanya hivyo kwa kila nafasi, kisha iache kwenye ile inayoyumba kidogo zaidi. Wakati mwengine upotofu mdogo wa habu na mdogo wa diski hukutana upande mmoja na kujumlishana, na ukizungusha vinafutana. Hakuna gharama hapo, ni muda tu.

Kukaza nati kunahusika kweli?

Kunahusika sana. Ukikaza nati moja mpaka mwisho kisha ndiyo uende ya pili, rimu inaibana diski upande. Gari ikiwa bado juu, zisogeze zote kwa mkono, halafu kwa spana kidogo kidogo kwa kukingamiza: ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto. Shusha gari, ndipo umalizie. Gari nyingi ndogo za Toyota zinataka nguvu ya nyutonimita 103. Kuna spana maalumu inayopima nguvu hiyo, na vijana wawili watatu mtaani wakichanga wakainunua moja, itawafaa miaka mingi. Kuruka juu ya spana kwa miguu miwili si kipimo, na ndiko kunakokata stadi.

Tizama pia aina ya nati. Rimu za chuma hutaka nati yenye mdomo wa mteremko. Baadhi ya rimu za aloi za Toyota hutaka nati ndefu yenye washa bapa. Mtu anaponunua rimu za aloi akabaki na nati za zamani, gurudumu halikai katikati, na lawama inaiangukia breki. Nati zikaze upya baada ya kilomita 50 au 100.

Haikutetemeka mwanzo. Imeanza baada ya mwezi mmoja au miwili. Kwa nini?

Hiyo ni dalili ya diski iliyofungwa ikiyumba tangu siku ya kwanza, ila kidogo. Hata usipokanyaga, sehemu ile ile ya diski inagusa pedi kila inapozunguka. Inaliwa kidogo kidogo, au inashika utando wa pedi, mpaka unene wa diski unakuwa hauko sawa mzunguko mzima. Tofauti ya kama milimita 0.02 inaweza kutosha kuusikia mpigo mguuni. Hapo kusafisha habu peke yake hakutoshi tena, kwa sababu uso umeshaharibika. Diski inahitaji kukerezwa au kubadilishwa, na habu isafishwe vilevile, vyenginevyo baada ya miezi utarudi palepale.

Kabla ya kupeleka diski kukerezwa, pima unene. Kipimo cha chini kinachoruhusiwa mara nyingi kimegongwa kwenye diski yenyewe kwa herufi MIN TH na milimita. Ikiwa baada ya kukerezwa itashuka chini ya hapo, usiikereze. Diski nyembamba inashika joto haraka, na inaweza kupasuka.

Fundi kaniambia joto ndilo lililoikunja diski. Ni kweli?

Hutokea, lakini ni kwa nadra kuliko inavyosemwa. Kinachotokea zaidi ni utando: umeshuka kilima breki zikiwa moto sana, umesimama na kubaki umekanyaga pedali, na pedi ikaacha alama yake kwenye sehemu moja ya diski. Alama hiyo inashika kwa nguvu tofauti na sehemu nyengine, na wewe unasikia mpigo.

Wenzetu wa Pemba wanalijua hili zaidi. Njia za Mkoani kwenda Chake Chake na za kuelekea Wete zina vilima na kona, na gari iliyojaa abiria ikishuka kwa breki tupu inafika chini inanuka. Shuka kwa gia. Gari ya otomatiki nayo ina nafasi ya 2 na L, au S na B kwa baadhi, na zimewekwa kwa kazi hiyo. Ukisimama breki zikiwa moto na pahala ni tambarare, achia pedali mara tu gari inapotulia.

Pedi mpya zinafaa kuzoeshwa vipi?

Kwanza kabisa, kabla ya gari kusogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ulipoirudisha nyuma pistoni, ile inayoisukuma pedi, uliacha nafasi, na mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini. Watu wameingia ukutani uani kwao kwa kulisahau hili.

Kisha toka alfajiri, barabara ikiwa tupu. Peleka gari kilomita 50 kwa saa, shika breki kwa wastani mpaka kama 10, achia, endesha tena. Fanya hivyo mara nane hadi kumi, ukiacha nusu dakika au zaidi kila baada ya mkanyago. Usisimame kabisa, na usifunge breki kwa ghafla. Mwisho endesha dakika kama kumi bila ya kuzigusa sana ili zipoe. Harufu kidogo ya kuungua siku hiyo ni ya kawaida. Ikiendelea kesho yake, soma jibu la tairi lenye joto hapo chini.

Inatetemeka hata nisipokanyaga, na kabla sijagusa breki haikuwa hivyo.

Jiulize tairi zilirudi pahala pake? Ukizivua nne na kuzirudisha bila ya alama, ile iliyokuwa nyuma haina balansi sasa iko mbele, na usukani unakuambia. Tizama kama kipande cha risasi cha balansi kimedondoka, kama kuna udongo uliokauka ndani ya rimu, na kama uso wa rimu unaokaa kwenye diski una kutu. Nati zikaguliwe kabla ya yote hayo, tena leo.

Inalia mlio mwembamba, mkali, kama filimbi. Ni hatari?

Mlio mwembamba kwa kawaida si hatari, lakini una maana. Pedi inatetemeka kwa kasi kubwa dhidi ya diski, na kile kinachopaswa kuuzima mtetemo huo hakipo. Bati jembamba la mgongoni mwa pedi limetupwa pamoja na pedi za zamani. Vile vibati vinavyoshika masikio ya pedi havikurudishwa, au vimerudishwa na kutu yake. Pini za kalipa (kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski) zimekauka. Kila kimoja kati ya hivi nimekiona kwenye gari zinazolia, na mara nyingi viwili kwa pamoja.

Fungua, safisha njia ambamo masikio ya pedi yanateleza mpaka pedi iingie kwa kusukuma kwa vidole, bila ya nyundo. Paka grisi maalumu ya breki, kidogo sana, mgongoni mwa pedi pale pistoni inapogusa na kwenye masikio. Kwenye pini tumia grisi ya breki isiyodhuru mpira. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mpira wa pini, na baada ya muda pini inaganda. Ukiona pini moja ina mpira mdogo nchani na nyengine haina, zina pahala pake, usizibadilishane.

Kuna mlio unaokuja hata bila ya kukanyaga. Huo huenda ni ulimi wa bati uliowekwa kwenye pedi ili uguse diski pedi inapobaki milimita mbili au tatu. Ukiufunga upande usio wake au ukaukunja, unalia tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nasisitiza: piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, upande mmoja kwanza, na upande wa pili uuache haujaguswa uwe mfano wako.

Siafiki tabia ya kuchukua msasa kila pedi ikilia. Unazima mlio kwa wiki moja na sababu inabaki.

Inasaga, inakwaruza chuma kwa chuma.

Ikiwa inakwaruza muda wote, tizama kwanza bati lililo nyuma ya diski. Ni laini, na ukiegemeza mkono au spana wakati wa kazi linakunjwa likagusa diski. Unalinyoosha kwa mkono. Kijiwe cha kifusi kikiingia hapo kinapiga ukelele wa kutisha kuliko ukubwa wake. Kurudi nyuma kidogo huweza kukitoa.

Ikiwa ulibakisha diski ya zamani, kagua ukingo wake. Diski iliyoliwa huacha kigongo cha kutu nje, na pedi mpya iliyo pana kidogo inakipanda. Hapo hata breki zenyewe hazishiki vizuri.

Ikisaga pale unapokanyaga tu, usiendelee na safari. Inawezekana pedi imefungwa kinyume, chuma kikitizama diski. Limetokea na litatokea tena, khasa kazi inapofanywa magharibi mwanga umekwisha.

Inakwaruza asubuhi tu.

Ni kutu ya usiku mmoja, au ya mvua za masika, au ya kuosha gari na kuiacha. Mikanyago michache inaifuta. Haihitaji kitu.

Inagonga “ko!” nikikanyaga au nikipita kwenye shimo.

Kugonga kidogo mara moja unapobadilisha kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma kunaweza kuwa pedi inahama ndani ya nafasi yake, na vibati vipya vinatibu. Lakini kugonga kunakojirudia ni jambo la kusimama hapo hapo ulipo. Bolti za kalipa zikilegea, kalipa inaweza kugonga rimu na kulizuia gurudumu. Sijali ni karibu kiasi gani na nyumbani. Simamisha, pandisha jeki pahala tambarare, weka mawe kwenye tairi nyengine, shika kalipa uitikise. Kama bolti ni nzima na zimekazwa, ndipo ushuku bushi na boljointi, vile viungo vya chini vinavyoshika gurudumu.

Tairi moja ina joto na inanuka, na gari inavutia upande.

Breki haiachii. Endesha dakika chache bila ya kukanyaga sana, shuka, karibisha kiganja kwa kila rimu bila ya kuigusa. Ile yenye joto kuliko mwenzake ndiyo. Ipandishe, izungushe. Ikiwa ngumu, fungua kidogo nati ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, mgandamizo ulikuwa umezuiwa, na mpira wa breki uliovimba kwa ndani ni mshukiwa wa kwanza. Lisipolegea, ni pini au pistoni iliyoganda kwa kutu. Pistoni yenye vishimo vya kutu usiisugue na kuirudisha. Badilisha.

Baada ya kufungua nati ile, hakikisha hakuna upepo uliobaki, na jaza mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki ndani ya boneti, DOT 3 au DOT 4. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu haina uhaba wa unyevu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanywa maji kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana haifai kutiwa.

Nyuma nimebadilisha viatu vya drami, na sasa pana mkwaruzo.

Kama drami ilikataa kuingia ukailazimisha, viatu vimesogezwa nje mno. Rudisha kirekebishi cha viatu mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono na mguso mwepesi tu. Kama linazunguka vizuri lakini linalia “kwe kwe” ukikanyaga, zile sehemu sita au zaidi za bati la nyuma zinazobeba viatu zimekauka, zipakwe grisi ya breki kidogo. Na kumbuka kiatu cha mbele na cha nyuma si lazima viwe sawa. Vumbi la ndani ya drami usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe na ulifute, maana viatu vya zamani vingine vina asbesto.

Pedali inarukaruka kwa haraka na kunguruma nikipita kwenye mchanga.

Gari yenye ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukishika breki) hufanya hivyo tairi zinapoteleza, na ni kazi yake. Ikifanya hivyo kwenye lami kavu ukiwa karibu kusimama, au taa ya ABS ikibaki inawaka baada ya kazi yako, fuata waya wa sensa ya gurudumu ulilolifungua. Huenda umevutwa, au sensa imeshika uchafu wa chuma na kutu.

Pedi zenye jina la gari yangu hazikuingia vizuri. Ninunueje?

Nunua kwa namba ya chasisi, si kwa jina. IST ya NCP60 na Vitz ya SCP10 si gari moja, na hata jina moja lina vizazi tofauti. Namba iko kwenye kibati ndani ya boneti. Chukua na pedi ya zamani mkononi, uilinganishe na mpya dukani: masikio, urefu, unene wa mgongo. Pedi unayolazimika kuikata kwa jiwe la kusagia ili iingie, irudishe. Na badilisha kulia na kushoto kwa pamoja.

Lini niache na nimwite fundi?

Pedali ikizama au ikiwa laini baada ya kutoa upepo mara mbili. Mafuta yakivuja popote. Ukikuta stadi imekatika, au mtetemo umebaki baada ya habu kusafishwa na nati kukazwa sawa. Gari hiyo isiendeshwe: fundi aje nyumbani, au ivutwe kwa gari la kubebea.

Fundi akifika, usimwambie “breki mbovu” peke yake. Mwambie: “Fundi, nimebadilisha pedi na diski za mbele, habu nimezisafisha, inatetemeka kwenye usukani kuanzia kilomita 60 nikikanyaga tu, nisipokanyaga imetulia.” Muoneshe picha ulizopiga na pedi za zamani. Pedi iliyoliwa upande mmoja kama kabari, au ya ndani iliyokwisha huku ya nje ikiwa nene, itamwambia kuhusu pini na pistoni kabla hajagusa jeki.